Nilichana ukurasa wa daftari, sasa rafiki yangu ndo anabeba kosa langu

Shikamoo shangazi,

Naomba usitaje jina langu. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa pili, nina miaka 21, nakuandikia saa nane usiku kwa sababu usingizi umenigomea wiki ya tatu hii.

Nianzie mbali kidogo. Mwaka wa kwanza tulikua na somo la istilahi za kitabibu, yaani yale maneno ya kidaktari. Mwalimu anakuja na karatasi ya maneno 40, Ijumaa mtihani, wiki inayofuata mengine 40. Nikakariri. Nilikariri kweli kweli, nabandika ukutani, naandika mpaka kwenye kiganja, na mtihani nikapata 78. Wiki mbili baadae kichwani hamna kitu. Gastraitisi, gastroskopi, gastrektomi, yote nayajua kwa sura lakini yupi ni yupi sijui. Nikajipa moyo kwamba nikifika wodini yatakaa yenyewe.

Wodini shangazi hakuna wa kukusubiri. Wanaongea haraka, maneno wanayakata nusu, vifupisho juu ya vifupisho, na kila mtu anaitikia kwa kichwa. Na mimi nikajifunza kuitikia kwa kichwa, miezi miwili ya kwanza hicho ndo nilichojifunza zaidi. Usiku nikirudi bwenini natafuta kwenye simu yale niliyoyadaka, yale ambayo sikuyadaka yamepotea hivohivo. Siku moja mwenzetu aliuliza maana ya neno mbele ya daktari akajibiwa "mwaka wa pili na hilo hulijui?", watu wakacheka, kuanzia hapo mimi mdomo nikaufunga kabisa.

Sasa tukio lenyewe. Asubuhi moja tunapokea zamu, sista wa usiku akamtaja mama mmoja mwenye kisukari anayetumia insulini, akasema usiku alipata haipo, yaani sukari ilishuka mno, amepewa glukosi, afuatiliwe kwa karibu. Mimi ndo nilikua naandika. Nikasikia haipa, yaani sukari kupanda mno. Au niseme ukweli tu, sikusikia vizuri, nikajua ni moja kati ya hizo mbili, na nikachagua. Nikaandika haipa. Rafiki yangu, tunalala chumba kimoja, tunakula sahani moja, alikua amechelewa dakika chache, akachukua daftari langu akanakili kwenye karatasi ya zamu na akasaini yeye, maana yule mama alikua mgonjwa wake siku hiyo.

Ulipofika muda wa dozi ya asubuhi muuguzi akasoma karatasi, akaona sukari ilikua juu, akaandaa insulini ya kuishusha. Bahati yule dada ana tabia ya kupima kwanza hata karatasi iseme nini. Akapima akakuta 3.4, sukari iko chini. Akaiweka sindano chini. Nilikua nimesimama hatua mbili tu kutoka pale. Kama angechoma... sasa hivi nimeshasoma najua, yule mama angeweza kupoteza fahamu, hata kufa.

Rafiki yangu akaitwa mbele ya wote, nani kaandika hivi, akasema ni yeye. Akaambiwa ni mzembe na ataandikiwa ripoti iende chuoni. Yeye anaamini alisoma vibaya mwandiko wangu, kwa sababu kweli mwandiko wangu mbaya, a na o zangu zinafanana. Jioni akaniomba daftari aone alikosea wapi. Nikamwambia nimelisahau wodini. Alafu nikaingia nalo chooni nikauchana ule ukurasa.

Hanishuku hata kidogo na hicho ndo kinachonimaliza. Juzi alinishika mkono akasema asante kwa kunivumilia siku hizi. Ripoti bado, wanasema supavaiza ataamua mwisho wa mwezi.

Nyumbani wananiita daktari wetu, mama akijisikia vibaya ananipigia mimi kwanza. Nafikiria kuacha kozi. Kichwa changu hakishiki haya maneno na siku moja nitaua mtu. Au nikae kimya nimalize nijifunze taratibu? Au niseme, wanifukuze, na rafiki nimkose? Nifanyeje shangazi?

Na swali la aibu, disfajia na disfasia mtu anazitofautishaje? Wiki ijayo nahamia wodi yenye wagonjwa wengi wa kiharusi, na haya mawili nasikia yanatajwa kila dakika.

Niliyechana ukurasa

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako niliisoma usiku nikairudia asubuhi. Kabla ya yote, yule mama yuko hai, na yuko hai kwa sababu kuna dada mmoja hakuliamini neno mpaka aone namba. Hilo tuliweke pembeni kidogo, nitalirudia.

Nikikuelewa vizuri umefunga mizigo mitatu kwenye kanga moja alafu unashangaa hainyanyuki. Kuna maneno yasiyokaa kichwani. Kuna rafiki anayelaumiwa kwa kitu ulichoandika wewe. Na kuna ule ukurasa, ambao mimi nauona ni mzigo wa peke yake, maana kusikia vibaya kulikutokea ila kuchana ulichana. Wewe unasema unataka kuacha kozi kwa sababu ya huo mzigo wa kwanza. Mimi nikisoma naona kama usingizi wako umebebwa na hii miwili ya nyuma. Naweza kuwa nimekosea, wewe ndo unalala hapo.

Kuna mahali umeandika "nikajua ni moja kati ya hizo mbili, na nikachagua". Nilisimama hapo muda mrefu. Umekua mkweli kuliko watu wengi wenye vyeo ninaowajua. Lakini hebu itazame tena hiyo sentensi mwanangu, mbona inaonyesha maana ulikua unaijua? Haipo uliijua, haipa uliijua. Kilichokosekana ni sekunde tano za kusema "sista samahani, sukari ilishuka au ilipanda?" na hizo sekunde ulinyang'anywa siku mwenzenu alipochekwa. Kwa hiyo unaponiambia kichwa chako hakishiki mimi nauliza tu, una uhakika shida ni kichwa?

Alafu unaandika kana kwamba wote waliokua wanaitikia walikua wanaelewa. Na wewe si ulikua unaitikia? Aliyekua anakuangalia alijua unaelewa.

Mimi kabla ya kukaa kwenye safu hii nilifanya kazi wodini miaka mingi. Nikiwa mgeni niliambiwa nimwandae mgonjwa mwenye tatizo la iliamu. Nikaenda nikamuuliza alianguka lini, nikamkagua nyonga, yule baba ananishangaa, tumbo ndo lilikua linamuuma. Iliamu ziko mbili, moja ni mfupa wa nyonga, nyingine ni sehemu ya mwisho ya utumbo mdogo, kwenye maandishi ya kitabibu zinatofautiana herufi moja, e na i, na mdomoni hazitofautiani kabisa. Hakuna aliyenicheka kwa sababu hakuna aliyejua, nilinyamaza, na nakumbuka mpaka leo uso wa yule baba. Kwa hiyo huongei na mtu aliyezaliwa anajua.

Na si wageni tu. Marekani kuna shirika linaloitwa Joint Commission linalokagua hospitali, mwaka 2004 lilitoa orodha ya vifupisho ambavyo watu wazima wenye vyeti vyao walikatazwa kuandika. Moja ni herufi U kwa maana ya yuniti, kwa sababu kwenye mwandiko wa haraka U inasomeka kama 0, yuniti 4 za insulini zinageuka 40. Nyingine ni kuandika 1.0 pale ambapo 1 inatosha, nukta ikififia mgonjwa anapewa 10. Hivyo vyote viliandikwa na watu wanaojua maana, na bado vilikua vinawaponyoka.

Sasa hayo maneno. Naomba nikae hapa kidogo kwa sababu nadhani ulifundishwa kwa njia ngumu.

Wewe ni mswahili, hujawahi kukaririshwa mgonjwa, wagonjwa, ugonjwa, magonjwa kama maneno manne tofauti. Mtu akisema hawatatibiwa hujawahi kulisikia kama neno jipya, unalikata bila kujua kama unalikata, ha ya kukanusha, wa ya wao, ta ya baadae, tib ndo mzizi, iw wametendewa. Haya maneno ya kidaktari mengi yanatoka Kigiriki na Kilatini na yamejengwa hivohivo kwa vipande. Wewe ulipewa maneno 40 kila Ijumaa kama vile kila moja lina mama yake, wakati ukishika mizizi kama thelathini hivi na vipande vya mbele na nyuma kama hivyo, unaanza kufungua mamia ambayo hujawahi kuyaona.

Anzia mkiani. Mkia ndo unakwambia kinachoendelea, mzizi unakwambia ni wapi. Gastro ni tumbo, ile ndoo ya chakula. Ikiishia na aitisi kuna kuvimba kwa moto, wekundu na maumivu, vitabu vinaita mchochota, gastraitisi. Ikiishia skopi wanaingiza kamera kuangalia. Ikiishia ektomi wanakata na kuondoa. Ng'oa gastro weka nefro ambayo ni figo, au hepato ambayo ni ini, na mikia inafanya kazi ileile. Ila mikia mitatu naomba uiogope kwa adabu, otomi, ostomi na ektomi. Ukichukua utumbo mpana, kolotomi ni kuupasua, kolostomi ni kuutengenezea mdomo wa kutokea nje ya tumbo, kolektomi ni kuutoa wote au kipande. Mzizi mmoja, na mgonjwa anaamka kutoka usingizi wa dawa akiwa na maisha tofauti kabisa.

Na kukata vipande hakutoshi kila mahali, nisikudanganye. Oma watu wanafundishwa ni uvimbe na ndugu wa mgonjwa wakilisikia wanalia, lakini hematoma ni damu tu imejikusanya, lipoma ni mafuta na kwa kawaida haina neno, alafu melanoma na limfoma zinasikika za upole vilevile na hizo ni saratani. Anemia ukiikata inakupa "bila damu" wakati damu ipo, chembe nyekundu au hemoglobini ndo pungufu. Vipande vinakufikisha mlangoni, bado unatakiwa ubishe hodi.

Sasa lile jozi lako. Haipo, sukari haipo. Haipa, sukari imepaa. Sijui kama kuna lugha nyingine iliyopewa zawadi hii, neno linatutafsiria lenyewe. Na inakwenda kwa yote, presha ya damu, potasiamu, joto la mwili, haipo ni chini haipa ni juu. Ukishaliona hivyo sidhani kama litakutoka tena.

Lakini masikio yanaweza kukosea hata kichwa kikiwa kinajua, hizo mbili zimepishana irabu moja tu na wodi ina kelele. Ndo maana nilisema yule dada tutamrudia. Ukipokea taarifa irudishe kwa maneno ya kawaida pamoja na namba, "kwa hiyo sista sukari ilishuka, ilisoma ngapi, saa ngapi, amepewa nini?" Hapo hujajianika kwamba hujui neno, umefanya kitu ambacho waliobobea wanafanya kwa makusudi. Ule utaratibu wa kupeana taarifa kwa hatua nne, hali ilivyo, historia fupi, tathmini, unachopendekeza, ulitoka kwa wanamaji wa nyambizi za Marekani ndo ukaingia hospitali, na kule walitaka kila mtu aeleweke mara moja bila kubahatisha. Nakubali bado kuna watakaokucheka. Wapo kila wodi. Sina dawa ya hao, ila najua kuuliza kwa namba kunawanyima nafasi.

Na mama yako akipiga simu, umewahi kumwambia "sijui mama, ngoja niulize"? Nauliza kwa sababu labda ndo mtu rahisi kuliko wote wa kuanzia, halafu sista anakua wa pili.

Tuje kwa rafiki. Hapa sitakuchagulia mwanangu, nitakuonyesha njia ninazoziona na mashimo yake.

Unaweza kuanza kwake. Atalisikia kutoka mdomoni mwako, usiku, chumbani kwenu, kabla hajalisikia kokote. Jiandae kwamba kinachoweza kumuuma kisiwe haipa na haipo, kikawa ni choo na ule ukurasa, na wiki tatu anajilaumu wewe ukiwa kitanda cha pili. Anaweza kuhama chumba. Anaweza pia kukukumbatia akasema basi yaishe usimwambie mtu, na hapo usidhani umepona, kwa sababu ripoti bado itakua na jina lake na utakua umempa mzigo wa pili wa kukutunzia siri.

Unaweza kwenda kwa supavaiza, peke yako au mkiwa wawili. Kila chuo kina kanuni zake na siwezi kukuahidi hutaadhibiwa. Kuficha daftari wanaweza kukuona kubaya kuliko kusikia vibaya, na kwa kweli ni haki yao kukuuliza. Ila muda una maneno yake hapa, uamuzi haujatoka, na anayekuja kabla anasikilizwa tofauti na anayekuja baada. Na kuna jambo sijaona umeliwaza. Sasa hivi pale wodini wanaamini shida ilikua mwandiko. Watasisitiza mwandiko. Na shida haikua mwandiko, ilikua sikio, ilikua taarifa isiyo na namba, ilikua karatasi ya mgonjwa kunakiliwa kutoka daftari la mwanafunzi. Hospitali nyingi zina fomu za makosa yaliyozuiwa kabla hayajamfikia mgonjwa, ili waone tundu liko wapi. Wewe ndo pekee unayejua hili tundu liko wapi.

Ukijaza fomu ya namna hiyo bila jina, pale wanaporuhusu, tundu litaonekana lakini rafiki yako bado hajasafishwa. Ni nusu ya njia, niitaje tu uijue.

Kukaa kimya nako ni njia, usifikiri nakuona mbaya kwa kuiwaza. Inaweza hata ikafanikiwa, ripoti ikatoka na onyo dogo, mkamaliza wote, mkavaa sare. Ninachokiona mimi ni kwamba atakua anaingia wodini miaka yote akiamini macho yake hayaaminiki, na wewe utakua unamjua rafiki ambaye hakujui. Kama unaweza kuishi na hilo ni wewe wa kupima, mimi siwezi kukupimia.

Kuhusu kuacha kozi, unaweza, watu wanaacha na wanaishi vizuri. Lakini ukiacha kesho ripoti inabaki na jina la rafiki yako vilevile, kwa hiyo naona hayo ni maamuzi mawili na hayalazimiki kufanyika wiki moja. Kati ya kuacha na kubaki kuna vitu pia, unaweza kuomba kurudia zamu za wodini, unaweza kuomba muuguzi mmoja awe wako wa kumuuliza. Yule dada wa sindano kwa mfano. Mtu anayepima kabla ya kuchoma huwa hachukii maswali, nimefanya nao kazi watu wa namna hiyo. Na hofu yako ya kuua mtu sitaki nikuondolee yote, kiasi chake kidogo ndo kinachomfanya yeye apime. Ila ikikunyima usingizi wiki tatu imezidi, vyuo vingi vina mshauri wa wanafunzi, mtafute, ukae na mtu anayekuona uso.

Ukurasa umeuchana lakini ulichoandika unakikumbuka. Ungeandika upya leo kwa ajili yako tu, nini sista alisema, nini ulisikia, nini uliandika, saa ngapi, ungekua na kitu mkononi siku yoyote utakayoamua kuongea na yeyote. Ukishaongea naye, au hata kabla, niandikie tena.

Na disfajia na disfasia, wala si swali la aibu, zinachanganywa kila siku kwa sababu kiharusi kinaweza kuleta zote mbili kwa mtu mmoja. Kipande cha mbele, dis, kinasema jambo linafanyika kwa shida. Disfajia ina ji, ikumbuke kwa maji, ni mgonjwa anayepata shida kumeza. Disfasia ina s ya kusema, lugha ndo imevurugika, anakosa maneno au haelewi anayoambiwa. Huyu wa pili anaweza akawa anameza vizuri kabisa. Yule wa kwanza ukimpa kikombe cha maji yanaweza kuingia kwenye mapafu, kwa hiyo siku ukisimama kitandani hujui ulichosikia ni disfajia au disfasia, kikombe kibaki mezani mpaka umuulize sista.